Tela la Mbao za Paleti Si Umaskini, na Anayesema Hivyo Akulipie Nauli ya Mzigo



Leo siandiki kuhusu viwavi wala mbolea. Naandika kuhusu kilo 60. Huo ndio mzigo ambao wengi wenu mnauhamisha karibu kila siku: mfuko wa kilo 50 wa chakula cha kuku na vikorokoro juu yake, kreti mbili za nyanya, trei za mayai, mafungu ya mchicha yaliyokatwa alfajiri. Unatoka bustanini kwenda barabarani, au unatoka Kariakoo kwenda kwenye genge Magomeni, Buguruni au Kigogo. Si mzigo wa lori, na wala si mzigo wa kichwani. Na kwa kuwa hauko huku wala kule, ndio unaokula faida yenu kimyakimya, safari kwa safari, bila kuandikwa kwenye daftari.

Nawauliza wauza mbogamboga swali hili: jana ulitumia shilingi ngapi kwa usafiri? Bei ya kununulia wanaijua, ya kuuzia wanaijua, hata kilichooza wanakijua. Nauli ya mzigo wanakuna kichwa. "Aah, bodaboda tu, hela ndogo." Haya, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unamlipa bodaboda 2,500 kwa safari moja kwa siku, siku 6 za wiki. Hiyo ni 15,000 kwa wiki, 60,000 kwa wiki nne. Weka bei ya mtaani kwako badala ya hiyo yangu uone inakuja ngapi. Halafu linganisha na faida uliyobaki nayo mwezi huo. Wapo watakaogundua kwamba bodaboda anapata zaidi yao kutokana na nyanya zile zile, na yeye hana hasara ya kuoza.

Simlaumu bodaboda. Anafanya kazi yake, ananunua petroli, ana marejesho ya pikipiki. Ninaolumbana nao leo ni wengine kabisa: wale wanaowaambia kwamba dawa ya tatizo hili ni kukopa ili ununue injini yako mwenyewe, na kwamba baiskeli ni kitu cha mtu aliyeshindwa maisha. Wamo vijana wa mtaani. Wamo viongozi wa vikundi. Na wamo maofisa wenzangu, tunaokaa nao mezani, ambao ukiwatajia tela la baiskeli wanacheka kana kwamba umependekeza turudi kuvaa magome ya miti.

Mimi nasema kwa mzigo wa kilo 60 na umbali wa kilomita 3 au 4, katika mji ulio tambarare kama sehemu kubwa ya Dar es Salaam, mashine sahihi ni baiskeli uliyonayo tayari pamoja na tela la magurudumu mawili lililotengenezwa kwa mbao zinazotupwa. Na mbao hizo ziko nyingi kuliko mahali pengine popote hapa hapa Kariakoo.

Pitia mitaa ya Kongo, Narung'ombe, Sikukuu au Aggrey jioni, maduka ya jumla yanapomaliza kushusha mzigo. Utaona zile fremu za mbao zinazowekwa chini ya bidhaa ndani ya makontena, tunaziita paleti, na masanduku ya mbao yaliyobeba vigae, vioo na mashine. Nyingine zinauzwa kwa bei ya kuni. Nyingine ni kuni kweli, zinaishia chini ya masufuria ya mama lishe. Mbao iliyosafiri kutoka ng'ambo, ikabeba mzigo mzito baharini bila kuvunjika, sisi tunaichemshia maharage! Halafu yule aliyekula maharage hayo anampigia simu bodaboda aje kubeba gunia.

Jina lenyewe la mahali hapa lingetosha kutufikirisha. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo hili lilitumika kama kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na watu wa mjini wakakitamka Kariakoo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi kwa vichwa na mabega, kwa sababu ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa mbung'o na magari yalikwama kwenye matope. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25 hivi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Mtaa mzima umepewa jina la watu waliotumika kama wanyama wa mizigo. Na leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, simama Mtaa wa Msimbazi saa 11 alfajiri. Utamwona mama wa makamo ana tenga kichwani, shingo imeingia mabegani, anavuka kuelekea kituoni. Tela la kilo 60 ni mzigo wa wapagazi wawili na zaidi, na linavutwa na mtu mmoja aliyekaa.

Sasa nijibu hoja ninazopigwa nazo.

Ya kwanza: "Baiskeli si inabeba hata bila tela? Mbona watu wanafunga gunia kwenye keria?" Wanafunga, ndiyo, na hilo ndilo tatizo. Keria iko juu ya gurudumu la nyuma. Ukiweka kilo 60 pale, ukajumlisha na uzito wako, karibu mzigo wote unaangukia ringi moja na spoki zake. Ndiyo maana mafundi baiskeli hawakosi kazi ya kupiga spoki za nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na ukipigwa na upepo wa basi unayumba. Mzigo uko juu, kwa hiyo ukiinama kidogo unakuangusha. Na ukianguka na gunia limefungwa kwa mipira ya tyubu, unaanguka nalo. Isitoshe, mipira hiyo inakaza. Nyanya za pembeni zinapondwa kabla hujafika, na nyanya moja iliyopasuka inaozesha zilizo jirani. Tukiwa kazini tunawahubiria upotevu baada ya mavuno, tunataja maghala na vyumba vya baridi, wakati upotevu mwingine unatokea kwenye keria, kati ya shamba na barabara.

Kwenye tela mzigo unakaa chini, katikati ya magurudumu mawili, na uzito unabebwa na magurudumu hayo. Baiskeli inavuta tu. Nyanya zinabaki kwenye kreti zake, mayai yanabaki kwenye trei zake. Tela likipinduka, mara nyingi wewe unabaki umesimama.

Hoja ya pili: "Mbao si chuma, itavunjika." Anayesema hivi aende Goma, mashariki ya Kongo, au amuulize yeyote aliyewahi kufika. Kule wana chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hata magurudumu yenyewe ni ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi. Kinashuka milimani na magunia ya viazi, makaa na kabichi, mizigo ya mamia ya kilo. Watu wa Goma wanakiheshimu kiasi cha kukijengea sanamu mjini. Kama mbao inabeba mamia ya kilo kwenye mawe ya volkano, itashindwaje kilo 60 kwenye lami ya Barabara ya Uhuru? Mbao haivunjiki kwa kuwa ni mbao. Inavunjika kwa kuwa mtu ametumia iliyooza, au amepigilia misumari mahali pa boliti. Nitafika huko.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi: "Wakulima waendelee, wasirudi nyuma. Wakope wanunue guta la injini." Sikilizeni. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, ni jambo jema. Lakini mkopo usio na riba bado ni deni. Nimesoma maandiko mengi ya vikundi. Kikundi cha bustani kinaomba pikipiki ya magurudumu matatu, kinaandika kwamba itabeba mboga zao, na ukipiga hesabu mboga zao zote kwa siku haziijazi hata nusu. Kwa hiyo pikipiki itakaa bure nusu ya siku, au itageuka kuwa chombo cha kukodisha kinachoendeshwa na mpwa wa mwenyekiti, na kikundi kitabaki na marejesho. Sijawahi kupokea andiko hata moja lililoomba matela kumi ya baiskeli. Kwa fedha za injini moja mngepata tela kwa kila mwanakikundi na ikabaki ya kununua mbegu na pampu. Lakini tela halipigi honi, halipigiwi picha siku ya makabidhiano, na mgeni rasmi hawezi kukabidhi ufunguo wake.

Kuna mahali injini ndiyo jibu, sibishi. Kama unatoka Mkuranga au Kisarawe hadi sokoni, usijaribu kwa tela, utafika na mchicha uliokauka na miguu isiyo yako. Mchanga mzito hauvutiki. Milima ya Pugu ukiwa na mzigo ni ya kushuka na kusukuma. Kwa safari hizo, jiungeni watu wanane au kumi, kila mmoja alete mzigo wake kwa tela hadi barabarani, kisha mkodi kirikuu kimoja mgawane nauli. Mnaopoteza sana ni nyie ambao kila mmoja anaita bodaboda wake kutoka shambani mpaka mjini. Injini ilipiwe kwa kilomita 30, si kwa kilomita 2 za vichochoro.

Ya nne nimeachiwa na afisa mwenzangu: "Unawapeleka watu kugongwa." Hoja hii nzito, siipuuzi. Dar es Salaam haimpendi mwendesha baiskeli. Mradi wa mabasi yaendayo haraka ulipoanza kazi mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilipata pia nafasi ya watembea kwa miguu na baiskeli pembeni. Pita leo ujionee: pikipiki zimeegeshwa, meza za biashara, magari yamepanda juu. Wa baiskeli anasukumwa kwenye njia ya magari, kisha anaambiwa yeye ndiye kero. Lakini mtu huyo huyo tayari yuko barabarani, ana gunia kwenye keria linalomyumbisha. Ukimpa tela hujamwongezea hatari, umempunguzia. Ikiwa tunajali usalama wake, tuwaondoe walioegesha kwenye njia yake. Na wewe mwenye tela usiingie kabisa kwenye njia ya mwendokasi, hata kama unaona mikokoteni inaingia. Basi lile halina pa kukukwepea.

Haya, tujenge.

Paleti kwanza. Kabla hujalipa, tafuta mhuri uliochomwa au kupigwa rangi ubavuni. Paleti zinazovuka mipaka hutibiwa kuua wadudu, na mhuri unaonyesha zilivyotibiwa. Ukiona herufi HT, mbao ilipashwa joto, hiyo chukua. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Iache, usiiweke chini ya chakula cha watu. Iache pia yenye madoa ya mafuta au inayonuka dawa, hata kama ni bure, maana hujui ilibeba nini. Mwenye duka akishangaa kwa nini unachagua kuni, mwache ashangae.

Mbao nyembamba za juu ya paleti zinafaa kwa sakafu na kuta. Usizitumie kwa mihimili. Mihimili itoke kwenye zile nene zinazosimama katikati na pembeni mwa paleti, au ununue vipande vya mbao 2 kwa 4. Kwa mafundi samani wa Keko mabaki ya mbao ngumu hayakosekani. Gonga kila kipande kwa nyundo. Kinacholia butu au chenye ufa wa urefu kiweke pembeni kiwe kuni kweli. Kung'oa misumari ya paleti ni kazi, kwa kuwa imesokotwa. Usiivute kwa hasira, mbao itapasuka. Kata msumari kwa msumeno wa chuma katikati ya mbao mbili, ni haraka zaidi.

Magurudumu: mawili yanayolingana, ya mbele, kutoka baiskeli mbovu. Nasema ya mbele kwa sababu ya nyuma yana meno ya mnyororo na yanakula nafasi. Ya inchi 20, za baiskeli za watoto, ni mazuri kuliko yote. Ringi ndogo ina nguvu na tela linakaa chini. Ya inchi 26 yanafaa pia.

Hapa ndipo matela mengi ya nyumbani yanapokufa, kwa hiyo soma polepole. Ekseli ya baiskeli ni nyembamba na imetengenezwa ishikwe pande zote mbili, kama foku inavyofanya. Ukiifunga upande mmoja tu, gurudumu likining'inia nje kama la gari, itapinda ndani ya siku chache. Kwa hiyo kila gurudumu likae katikati ya mihimili miwili. Jumla unahitaji mihimili minne yenye urefu wa mita 1: miwili ya ndani inayoshika sakafu, na miwili ya nje. Nafasi kati ya wa ndani na wa nje ni karibu sentimita 10, lakini pima kwa gurudumu lako mwenyewe kabla ya kutoboa. Sakafu ikiwa na upana wa sentimita 50, tela zima litakuwa chini ya sentimita 80, na hilo linapita kwenye vichochoro vyetu. Unganisha mihimili yote minne kwa mbao za kukatiza mbele na nyuma, kwa boliti na washa kubwa. Misumari ni ya sakafu na kuta tu. Narudia, misumari ni ya sakafu na kuta tu. Tela hutikisika kutwa nzima, na msumari hutoka kidogo kidogo bila kukuaga.

Ekseli isikae kwenye mbao tupu, itaipasua. Mpe fundi wa kuchomelea pale Gerezani akukatie vipande vinne vya chuma bapa, unene wa milimita 4, urefu wa kiganja. Kila kimoja kiwe na matundu mawili ya boliti na mkato mmoja wa kuingiza ekseli. Mkato utazame chini. Hivyo uzito wa mzigo unakandamiza chuma juu ya ekseli, na siku ya pancha unalegeza nati mbili tu gurudumu linatoka. Kama una foku kuukuu, akukatie ncha zake, ni kitu kile kile kilichokwisha kutengenezwa. Vipande hivyo vifunge sentimita 5 hivi nyuma ya katikati ya tela. Sababu nitaitaja.

Mkono wa kuvutia: bomba la chuma la inchi 1 au mti mgumu ulionyooka. Uanzie kona ya mbele ya kushoto ya tela, ukishikwa kwa boliti kwenye mbao mbili za kukatiza, uje kwa mshazari mpaka karibu na ekseli ya nyuma ya baiskeli, upande wa kushoto. Kushoto kwa sababu kulia kuna mnyororo. Mshazari unasaidia ukikata kona ya kulia, gurudumu lisigonge mkono. Kati ya tairi la baiskeli na ubao wa mbele wa tela acha nafasi ya sentimita 20 au zaidi. Watu wengine hufunga mkono kwenye bomba la siti kwa kuwa ni rahisi. Mimi sishauri. Mvuto ukiwa juu, tela linakusukuma mgongoni unapofunga breki na linataka kukupindua.

Kiungo chenyewe usinunue. Kata ukanda wa tairi la gari, ule wenye nyuzi ndani, upana wa vidole vinne. Upande mmoja uufunge kwenye mkono kwa boliti mbili, upande mwingine kwenye kipande cha chuma kilichobanwa na nati ya ekseli ya baiskeli. Mpira huo unakunjika pande zote, unameza mashimo, na haulii. Juu yake pitisha mnyororo mfupi au kamba ngumu, ilegee kidogo, ufungwe kwenye fremu ya baiskeli. Mpira ukikatika katikati ya Msimbazi, mnyororo ndio utakaozuia nyanya zako zisiende Jangwani peke yake.

Watu hupaka oili chafu ili mbao isiliwe na mchwa na mvua. Sawa, ipake chini ya mihimili na kwenye miisho iliyokatwa. Usiipake kwenye sakafu na kuta ambako mboga zinalala. Hapo piga randa, sugua kwa msasa, kisha tandika turubai au gunia safi linalofuliwa.

Kuhusu gharama, siwawekei bei kwa sababu ya leo si ya kesho na ya Kariakoo si ya Chanika. Andika mwenyewe: magurudumu mawili, tyubu, boliti, kazi ya kuchomelea, paleti. Tuseme imefika 90,000 kwa kununua kila kitu. Kwa mfano wetu wa 15,000 kwa wiki, tela limejilipa kwa wiki 6. Wiki ya saba hela ni yako. Kilomita 4 kwa mwendo wa taratibu ni dakika 20 na kitu, na bodaboda naye ukimhesabia muda wa kumsubiri na kukwama kwenye foleni hayuko mbali na hapo.

Kabla hujaweka nyanya, jaza mchanga kwenye mifuko, kilo 60, na ulivute kwa mikono mtaani kwako. Nyanyua mkono wa tela. Unatakiwa uhisi uzito wa kilo 5 au 6, kama ndoo ndogo iliyojaa nusu. Ukiwa mwepesi kabisa au ukiruka juu, mzigo uko nyuma mno, na ukiwa njiani tela litakunyanyulia gurudumu. Ukiwa mzito sana, mzigo uko mbele mno. Ndiyo sababu ya kuweka ekseli nyuma kidogo ya katikati: mzigo ukisambazwa sawasawa, uzito huo unapatikana wenyewe.

Kilo 60 ni kikomo, si mwanzo wa maelewano. Najua tabia yetu, ndiyo hiyo iliyozaa lumbesa. Mtu akiona tela halijavunjika kwa 60 atapakia 100. Mihimili pengine itavumilia, lakini breki zako hazitavumilia. Tela halina breki, na kila kilo iliyomo inakusukuma unaposimama. Mipira ya breki za mbele na nyuma iwe mizima, na mvua ikinyesha anza kufunga breki mapema mara mbili ya kawaida. Kwenye mteremko shuka utembee.

Nyuma weka kibandiko chekundu kinachoakisi mwanga, viwili, kimoja kila kona, ili dereva aone upana. Simamisha fimbo yenye kitambaa chekundu, irefu kuliko boneti ya gari, kwa sababu tela liko chini na mwenye daladala haangalii chini. Jumamosi ya kwanza kaza nati zote, mbao hunywea. Jumamosi ya pili kaza tena.